SU mbili, HIF44 moja au Weber 45: kabureta ipi kwa injini ya Mini ya 1275

Mtu akishafumua injini ya Mini ya cc 1275, akabadilisha ringi na beringi, akasaga valvu na kufunga hedi, hubaki na swali moja: ifungwe kabureta ipi? Vijana watasema Weber kabla hujamaliza kuuliza. Wazee waliokulia kwenye Morris watasema SU mbili, kwa kuwa ndizo zilizokuja na Cooper S. Wachache watataja SU moja kubwa, HIF44. Hiyo ndiyo iliyopo kwenye gari langu hapa Nairobi, baada ya kuzipitia hizo nyingine.

Nazilinganisha tatu hizi kwa upande ambao naona unasahauliwa, nao ni urekebishaji. Farasi zinazotajwa kwenye matangazo hupatikana pale tu kabureta imekaa sawa, kuanzia kwenye foleni hadi kwenye mwinuko. Weber iliyorekebishwa vibaya hushindwa na SU ya kawaida iliyorekebishwa vizuri, na nimeliona hilo kwa macho yangu zaidi ya mara moja. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: huku ninakoishi, kwa vifaa nilivyo navyo na kwa fundi niliye naye, nitairekebishaje?

Injini yenyewe ilivyo

Injini hii ni ya ukoo wa A-Series, ulioanza na Austin A30 mwaka 1951 kwa cc 803. Mini ilipotoka mwaka 1959 ilikuwa na cc 848, na Cooper S ya cc 1275 ikafuata mwaka 1964. Muda wote huo hedi ilibaki na umbo lile lile: milango miwili tu ya kuingizia hewa kwa silinda nne. Silinda ya 1 na ya 2 hunywa kwa mlango mmoja, ya 3 na ya 4 kwa mwingine. Ekzosi ina milango mitatu, tena upande huo huo wa kabureta.

Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Ufuatishe polepole. Silinda ya 3 inavuta, mara ya 4 inavuta kupitia mlango ule ule, kisha ya 2, kisha ya 1. Maana yake kila mlango hunyonywa mara mbili mfululizo, halafu hupumzika. Hili ndilo linaloitofautisha A-Series na injini kama Kent ya Ford Escort, ambayo kila silinda ina mlango wake. Ushauri wa Weber unaosomwa kuhusu Escort haufai kunakiliwa mzima mzima kwenye Mini, na wengi hukosea hapo.

Sasa tupige hesabu. HS2, ndiyo ile SU inayofungwa mbili kwenye Cooper S, ina tundu la inchi 1¼, yaani milimita 31.75. Eneo lake ni milimita za mraba 792, na zikiwa mbili unapata 1,583. HIF44 ina inchi 1¾, yaani milimita 44.45, na eneo lake ni 1,552. Zinakaribiana kabisa! Ila kwa kuwa silinda zinavuta kwa zamu, kwenye HIF44 silinda inayovuta ina tundu lote la 1,552 kwa ajili yake. Kwenye HS2 mbili silinda hiyo hiyo inavutia kwenye 792, pamoja na msaada kidogo wa bomba la kusawazisha linalounganisha pande mbili za manifoldi. Weber 45 yenye makoo (sehemu nyembamba hewa inapopitia ndani ya kila mdomo) ya milimita 36 inatoa takriban 1,018 kwa kila koo, kabla ya kuondoa nafasi inayochukuliwa na koo dogo la ndani.

Hesabu hii ndiyo iliyonibadilisha mawazo. Nilikuwa naamini kabureta mbili lazima zishinde moja. MG Metro ya mwaka 1982 ilikuwa na injini hii hii ya 1275 na HIF44 moja, ikatoa farasi 72. Cooper S, yenye HS2 mbili na kemshafti yake, ilikuwa na 76. Pengo ni dogo mno ukilinganisha na kazi ya kusawazisha kabureta mbili.

HS2 mbili

SU ni Skinner Union, jina la akina Skinner wa Uingereza waliosajili ubunifu wao mwaka 1905. Utendaji wake ni mwepesi kueleweka. Ukikanyaga mafuta, kipepeo, yaani kibao kinachoziba njia ya hewa, kinafunguka, mvuto wa hewa unainyanyua pistoni ndani ya kengele, kile kifuniko cha juu, na sindano iliyofungwa chini ya pistoni inapanda ndani ya jeti, tundu petroli inapotokea. Sindano inazidi kuwa nyembamba kuelekea nchani, kwa hiyo kadiri inavyopanda ndivyo petroli nyingi inavyopita. Injini inajipimia yenyewe ukubwa wa koo inalohitaji. Hakuna pampu ya eksileta. Kazi yake inafanywa na oili iliyo juu ya pistoni: inaichelewesha kidogo kupanda, mvuto kwenye jeti unaongezeka, na petroli inaongezeka pale unapokanyaga ghafla. Oili ya SAE 20 ndiyo yake. Ukitia nyepesi sana gari litasita kila unapokanyaga, na fundi asiyejua atakwenda kuhangaika na pointi za distribyuta.

Kabla ya kugusa nati yoyote, hakikisha mengine yako sawa: nafasi ya tapeti za valvu 0.012 ya inchi injini ikiwa baridi, nafasi ya pointi 0.015, taimingi, kompresheni. Kisha shika shafti ya kipepeo kwa vidole viwili uitikise. Ikicheza, hewa inaingia kwa pembeni na hutapata sailensa, yaani injini haitatulia ukiacha mafuta, hata ukirekebisha mpaka usiku. Karibu kila HS2 kuukuu ina ugonjwa huu. Dawa yake ni shafti mpya na bushi, kazi ya fundi mwenye mashine ya kuchonga vyuma. Gharama hiyo iweke kwenye bajeti kabla hujamlipa muuzaji, maana ni nadra kuikwepa.

Kingine cha kuangalia ni jeti kukaa katikati. Nyanyua pistoni kwa kidole, iachie. Inapaswa kushuka na kugonga daraja, yaani sakafu iliyoinuka chini yake penye jeti, kwa sauti kavu. Ikishuka kimyakimya au ikang'ang'ania, sindano inasugua jeti. Kengele na pistoni yake huchongwa pamoja, havibadilishani na vya kabureta ya pili. Karakana moja iliniosha kabureta zote mbili kwenye ndoo moja ikanirudishia kengele zimebadilishana, na nilitumia wiki mbili nikitafuta kwa nini upande mmoja unachelewa. Sasa kengele zangu zina alama ya msumari kwa ndani, moja na mbili.

Marekebisho yenyewe huenda hivi. Toa filta za hewa. Legeza klampu za shafti inayounganisha kabureta mbili, ili kila moja isimame peke yake. Fungua skrubu za sailensa mpaka vipepeo vifunge kabisa, kisha kaza kila moja mzunguko mmoja tangu ilipogusa. Pandisha nati ya jeti iliyo chini mpaka jeti ilingane na daraja, halafu ishushe mizunguko miwili kamili, yaani sura kumi na mbili za nati. Washa, acha injini ipate joto lake la kawaida, uendeshe kidogo kabla ya kuanza.

Chukua mpira mwembamba wa nusu mita. Ncha moja weka sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta ya kwanza. Sikiliza mvumo. Hamia ya pili, mahali pale pale. Rekebisha skrubu za sailensa mpaka mvumo ulingane. Kipo kifaa cha kupima hewa, ni kizuri na kinakupa namba, lakini sikio la mtu mzoefu haliko mbali nacho.

Baada ya hewa, petroli. Chini ya kengele kuna pini ndogo. Inyanyue mpaka pistoni ipande chini ya milimita moja. Injini ikiongeza mzunguko na kubaki huko juu, mchanganyiko ni mzito, petroli imezidi: pandisha nati sura moja. Ikidhoofika papo hapo kutaka kuzima, ni mwepesi, petroli ni kidogo: shusha nati sura moja. Ikipanda kidogo sana kisha ikarudi, umefika. Nenda kabureta ya pili. Rudi ya kwanza, kwa sababu ulichofanya kwa ya pili kimeigusa ya kwanza. Kisha rudi tena kwenye mvumo. Mwisho kaza klampu, ukihakikisha vipepeo vyote viwili vinaanza kufunguka kwa wakati mmoja. Hapo ndipo kazi nyingi nzuri huharibika, kwa sababu fundi anakaza klampu huku mkono wake umekwisha kusukuma shafti moja.

Nati huamua hali ya sailensa. Ya juu zaidi huamuliwa na sindano. Cooper S ya 1275 ilikuja na sindano M na springi nyekundu ya pistoni. Kuna AH2 kwa anayetaka mzito zaidi na EB kwa anayetaka mwepesi. Hapa Nairobi EB ilinifaa kuliko M, na sababu nitaieleza mbele.

HS2 mbili zikikaa sawa ni raha. Sauti yake ni ya Mini ya kweli, na ukifungua boneti mtu anayejua magari anatabasamu. Ila hazikai sawa kwa muda mrefu kwenye barabara za changarawe. Klampu zinalegea, shafti zinaliwa, unarudia kila baada ya miezi michache.

HIF44 moja

Hapa maelezo ni mafupi, na ufupi huo ndio sifa yake. Hakuna cha kusawazisha. Sindano imeegemezwa upande mmoja kwa springi, kwa hiyo hakuna kuitafutia katikati. Chemba ya boya, inayoshika kiwango cha petroli, iko ndani, chini ya mwili wa kabureta, ikiizunguka jeti, hivyo gari likikata kona au likipanda mlima kiwango cha petroli kwenye jeti hakiyumbi sana. Mchanganyiko unarekebishwa kwa skrubu moja ubavuni: kulia kuongeza petroli, kushoto kupunguza. Anzia jeti ikiwa sawa na daraja, kaza mizunguko miwili, kisha tumia mbinu ile ile ya kunyanyua pistoni. Ndani kuna bamba la metali mbili linalojipinda kwa joto na kusogeza jeti, petroli ikipata moto mchanganyiko usizidi. Kwenye Mini, ambayo kabureta imekalia ekzosi, bamba hilo linafanya kazi kila siku.

Udhaifu wake ni miwili. Kipepeo cha nyingi kina valvu ndogo ya springi iliyowekwa kwa ajili ya moshi wa kushuka milima. Springi ikichoka, valvu inaachia hewa na sailensa inapanda bila sababu. Wengi huiziba kwa risasi au huweka kipepeo kizima, nami nilifanya hivyo. Udhaifu wa pili ni kwamba kufika kwenye boya lazima uitoe kabureta yote na kuipindua. Kwenye HS2 boya unalifikia kwa kufungua skrubu tatu juu ya chemba.

Sindano bado ndiyo yenye uamuzi wa mwisho, na kwa HIF44 orodha yake ni ndefu. Sindano za SU hupimwa kipenyo kila baada ya moja ya nane ya inchi, na majedwali yake yamechapishwa. Ukijua injini yako ni nzito kwenye mzunguko wa kati tu, unatafuta sindano inayofanana na yako kila mahali isipokuwa hapo katikati, ikiwa nene kidogo. Wapo mafundi wanaosugua sindano kwa msasa laini huku inazunguka kwenye drili. Inawezekana, lakini chuma kilichosuguliwa hakirudi, kwa hiyo usijifunzie kwenye sindano uliyo nayo moja.

Weber 45 DCOE

Edoardo Weber alianzisha kiwanda chake Bologna, Italia, mwaka 1923. DCOE ni ile yenye midomo miwili kwenye mwili mmoja, na imefungwa kwenye magari ya mashindano ya kila aina. Kwenye A-Series inafungwa moja tu, kila mdomo ukilisha mlango mmoja, yaani silinda mbili.

Kwanza ujue kwamba kwenye Mini haiingii hivi hivi. Kabureta iko nyuma ya injini, ikitazama dashibodi. Weber pamoja na manifoldi yake ni ndefu. Kwenye Mini zenye spidomita katikati, mara nyingi lazima ukate ukuta unaotenga injini na abiria, utengeneze sanduku la bati, na kuhamisha spidomita. Gari lililokatwa hapo halirudi kuwa lilivyokuwa. Kwenye Morris Minor au MG Midget, ambazo injini imelala kwa urefu, shida hiyo haipo, na hapo Weber ni rahisi zaidi kuitetea.

Pili, Weber haina pistoni ya kujipimia. Kila hali ya injini ina njia yake ya petroli, na kila njia ina kipande cha shaba chenye namba. Namba hizo ni sehemu za mia za milimita: jeti kuu ya 150 ina tundu la milimita 1.50. Kuna koo, koo dogo la ndani, jeti kuu, bomba la kuchanganyia ambalo namba yake huanza na F, jeti ya hewa juu yake, jeti ya sailensa na jeti ya pampu. Vyote ni viwili viwili. Uhuru huu ndio uzuri wa Weber, na ndio mtego wake.

Anza na koo, na usilitake kubwa. Koo kubwa linapunguza kasi ya hewa, mvuto unakuwa dhaifu, na chini ya mizunguko 3,000 petroli haitoki inavyopaswa. Mtu anafunga makoo ya 38 kwenye 1275 yenye kemshafti ya kawaida, kisha analaumu Weber kwamba inasita. Kwa gari la barabarani 34 linatosha. 36 ni la injini iliyofanyiwa kazi hedi na kemshafti.

Kanuni inayotajwa sana ni kuzidisha koo kwa 4 upate jeti kuu, kisha kuongeza 50 upate jeti ya hewa: koo la 36 linatoa 144, yaani jeti ya 145, na hewa 195. Kanuni hiyo inadhani mdomo mmoja kwa silinda moja. Kwenye A-Series mdomo mmoja unalisha mbili, kwa hiyo chukulia namba hizo kama mahali pa kuanzia tu, na uwe na jeti kubwa zaidi mkononi.

Kwa anayeendesha mjini, jeti yenye maana kuliko zote ni ya sailensa, ingawa jina linapotosha. Njia yake hailishi injini iliyosimama tu. Inalisha pia matundu madogo yaliyo ukingoni mwa kipepeo, na kwa mguu mwepesi gari linaweza kwenda mpaka karibu mizunguko 3,000 kwa njia hiyo peke yake. Kwenye foleni ya Mombasa Road au ya Mandela Road, Dar es Salaam, unaendesha kwa jeti hiyo karibu saa nzima. Ikiwa kubwa, plagi zinajaa masizi. Ikiwa ndogo, gari linamisi na kukohoa kila unapogusa mafuta. Weka skrubu ya kipepeo isizidi mzunguko mmoja tangu ilipogusa. Ukilazimika kuikaza zaidi ili injini isizime, kipepeo kimeshafunua yale matundu madogo, na jeti ya sailensa ndiyo mbaya. Usiendelee kurekebisha chochote kingine mpaka uibadilishe.

Baada ya sailensa, panga jeti kuu kwa kuendesha gari likiwa na mzigo kwenye mwinuko. Kisha jeti ya hewa, ambayo kazi yake huonekana zaidi kwenye mizunguko ya juu. Pampu iwe ya mwisho. Wengi huanza na pampu ili kuficha kusita, na petroli inamwagika bure kwa sababu tatizo lilikuwa kwingine. Kwa kazi hii sikio halitoshi. Kinachofaa ni kipimo cha oksijeni kinachofungwa kwenye bomba la ekzosi, ukisoma namba huku mwenzako anaendesha. Bila hicho unasoma rangi za plagi, na utazisoma mara nyingi.

Shinikizo la petroli lisizidi pauni 3 kwa inchi ya mraba. Pampu za umeme zinazouzwa madukani nyingi ni za gari la injekta, lisilo na kabureta, na zitaifurisha Weber mara moja, kwa hiyo weka kipunguza shinikizo. Ifunge kwa vibao vyenye mpira, isikazwe mpaka mwisho, iweze kutikisika kidogo kwa mkono. Ikibanwa kabisa, mtikisiko wa injini unatoa povu kwenye chemba na mchanganyiko unakuwa mwepesi bila sababu inayoonekana.

Na kwa zote tatu, kumbuka kwamba ekzosi iko chini yake. Petroli ikifurika inadondokea chuma cha moto. Bomba la kumwagia la HS2 lielekezwe mbali, kinga ya joto iwepo, na kizima moto kiwe ndani ya gari, mahali mkono unafika.

Kutoka Mombasa kupanda Nairobi

Hapa ndipo sisi tunatofautiana na Waingereza wanaoandika vitabu vya karakana. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na Mombasa iko baharini. Hewa ya Nairobi ina uzito wa karibu asilimia 85 tu ya ile ya pwani. Kabureta, iwe SU au Weber, inapima mvuto wa hewa na haijui uzito wake. Petroli haipungui kwa kiasi kile ambacho hewa imepungua, na kwa hesabu ya kawaida mchanganyiko unazidi uzito kwa asilimia 8 hadi 9. Gari lililorekebishwa vizuri Mombasa likifika Nairobi litanusa petroli, litachafua plagi na kuchoka mlimani. Lililorekebishwa Nairobi likishuka pwani litakuwa jepesi, nalo hilo ni baya zaidi, kwa sababu mchanganyiko mwepesi kwenye joto la pwani unaweza kutoboa pistoni. Anayetoka Dar kwenda Iringa au Mbeya anajua habari hii vizuri.

Hapo tofauti ya urekebishaji inajionyesha. Kwenye HIF44 yangu, skrubu ina alama mbili za rangi: nyeupe ya Nairobi, nyekundu ya pwani. Nikifika Voi nasimama, nageuza kwa bisibisi, naendelea. Haigusi umbo la sindano, lakini inasogeza mstari mzima, na kwa safari inatosha. Kwenye HS2 mbili ni spana na nati mbili, kwa sura zile zile kila upande, dakika kumi za kazi juu ya injini ya moto. Kwenye Weber unabadilisha jeti. Kupunguza petroli kwa asilimia 8 au 9 ni kupunguza kipenyo kwa karibu 4, kwa hiyo 150 inakuwa 145, na ya sailensa inashuka hatua moja pia. Kifuniko cha juu kinafunguliwa kwa nati moja ya mkono, jeti zinatoka bila kutoa kabureta, kwa hiyo si kazi ngumu. Lakini lazima uwe na jeti hizo kwenye kasha, na ziwe za kweli. Jeti za bei rahisi mara nyingi tundu halilingani na namba iliyochongwa.

Vumbi nalo lina la kusema. SU inavumilia mradi filta ipo. Likiingia kwenye kengele, pistoni inanata, unaifungua na kuifuta kwa petroli na kitambaa safi, bila msasa wala oili kwenye kuta. Weber ina njia nyembamba nyingi, na chembe moja kwenye jeti ya sailensa inazima silinda mbili. Mbaya zaidi, kwenye Mini nafasi ya filta nyuma ya Weber ni finyu, na wengi huacha midomo wazi. Kwenye barabara ya vumbi hiyo ni kusaga ringi mpya kwa mikono yako.

Vipuri, na nani anunue nini

Kampuni ya Burlen ya Salisbury, Uingereza, bado inatengeneza SU na vipuri vyake, kwa hiyo jeti, sindano, shafti na gasketi unaagiza mpya. HIF44 yenyewe unaweza kuipata ya mitumba, nyingi zikitoka kwenye Metro. Nunua na manifoldi yake pamoja. Weber ni ghali kuliko hizo, na bei ya kabureta siyo mwisho: manifoldi, waya wa mafuta, kipunguza shinikizo, kasha la jeti na kipimo cha oksijeni vinaweza kukaribia bei hiyo tena.

Ukiwa na Cooper S halisi au MG Midget ya 1275, ambayo nayo ilitoka kiwandani na HS2 mbili, usizitoe. Zitengeneze shafti, ziwekee sindano ya mahali unapoishi, na ujifunze kusikiliza mvumo. Thamani ya gari iko humo.

Ukiwa na Mini ya kawaida, au Morris iliyotiwa 1275, na unaenda nalo kazini, HIF44. Sisiti kusema hivyo. Pesa iliyobaki ipeleke kwenye hedi, kwa sababu milango ile miwili ndiyo inayoibana injini hii kabla ya kabureta yoyote.

Weber ni ya mwenye kemshafti kali. Kemshafti inayoacha valvu wazi muda mrefu inafanya mvuto uyumbe kwenye mizunguko ya chini, na pistoni ya SU inacheza juu chini bila kujua ikae wapi. Weber haina pistoni hiyo, na juu ya mizunguko 5,000 inavuta kwa namna ambayo HS2 haziwezi. Kama gari lako ni la mashindano au la wikendi, na uko tayari kukaa na kasha la jeti kwenye mwinuko wa Ngong asubuhi nzima, ichukue. Kabla ya kulipa, toa jeti zote mbili za sailensa na zote mbili kuu, hakikisha namba zinafanana upande kwa upande, tikisa shafti, kisha tazama vipepeo kwenye mwanga: mwanga upite sawa pande zote mbili. Ukipita upande mmoja zaidi, shafti imepinda, na kwa kuwa midomo yote miwili imekalia shafti moja, hakuna skrubu itakayoinyoosha.